Mama Nukta na Swali la Kumi na Moja

Chini ya ngazi za jengo moja la ghorofa nne, mahali ambapo wajenzi bila shaka walikusudia pawekwe ndoo na mifagio, palikuwa na meza yenye upana wa mlango. Juu yake palikaa taa ya shingo ndefu, vibanio viwili, bisbisi tisa zilizopangwa kwa ukubwa, na kisahani kilichojaa skrubu ndogo kiasi kwamba mtu akipiga chafya karibu nacho angeharibu kazi ya wiki nzima. Hapo ndipo alipokaa, kwa miaka ishirini na miwili, fundi saa ambaye jengo zima lilimwita Mama Nukta.

Jina hilo alipewa na jirani yake wa upande wa kulia, fundi cherehani, mwanamume mwenye maneno mengi kuliko nyuzi zake. Kila Mama Nukta alipoitwa, awe ameitwa na mteja au na mwenye jengo, alijibu bila kuinua kichwa: "Nukta moja." Nukta yake iliweza kuchukua robo saa.

Hakuzaliwa katika ufundi. Mpaka alipofika umri wa miaka thelathini na sita alikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi ya serikali. Zilipoletwa mashine mpya, makarani wanane walibaki wawili, na yeye hakuwa miongoni mwao. Mjomba wake, aliyekuwa akitengeneza saa za mkononi, alimwambia maneno ambayo yeye mwenyewe aliyarudia mara nyingi: "Vidole vyako vimezoea kupata herufi bila kutazama. Njoo uvifundishe kupata skrubu." Alikwenda, akakaa kwa mjomba miaka mitatu, na mjomba alipoacha kazi kwa sababu ya kutetemeka mikono, meza ikawa yake.

Saa za mkononi ndizo zilizomlisha, lakini mapenzi yake yalikuwa kwa saa za zamani: za ukutani zenye mkono unaoyumba ndani ya sanduku la mbao, za mezani zenye miguu ya shaba, za mfukoni zenye vifuniko. Aliletewa na warithi ambao hawakujua wazifanyie nini, akazisafisha, akazitia mafuta, akazitundika ukutani nyuma yake. Waliokuja kuzinunua, kwa sababu ambazo hakuwahi kuzielewa sawasawa, karibu wote walikuwa watoto wanaowatafutia mama zao zawadi. Baba alinunuliwa redio au koti. Mama alinunuliwa saa ya zamani. Huenda ni kwa sababu watoto hao walikumbuka nani aliyekuwa akiitazama saa kwa niaba ya nyumba nzima.

Na hapo ndipo palipokuwa na ugumu wa kununua kwake. Mama Nukta hakukubali mtu achague kwa macho. Alikuwa na maswali kumi, aliyoyapiga chapa mwenyewe zamani kwenye kipande cha kadi, na aliyauliza kwa mpangilio bila kuruka hata moja. Mama analala usingizi mwepesi au mzito? Anatumia mkono gani? Vidole vyake vikoje asubuhi? Nani mwingine analala chumba hicho? Ukuta ni wa matofali au wa mbao? Anapenda kusumbuliwa au anapenda kuachwa?

"Mama Nukta," fundi cherehani alizoea kumwambia, akipitisha uzi kwenye sindano, "mtu kaja kununua saa, wewe unamhoji kama kaja kuposa!"

"Ndivyo ilivyo. Saa inaolewa. Inaingia kwenye nyumba ya watu, inalala humo, inaamka humo. Wewe suruali yako ikimbana mtu, anaivua."

Kwa maswali hayo aliwanusuru wengi. Msichana wa benki alitaka kumpa mama yake saa ndogo ya shingoni, nzuri kama pipi, yenye kitufe cha kuizungusha kisichozidi punje ya mtama. Swali la vidole lilifichua kwamba mama huyo hawezi hata kufunga vifungo vya blauzi kabla jua halijapanda. Aliondoka na saa ya mezani yenye ufunguo mnene kama wa kabati. Bwana mmoja alitaka saa kubwa ya kengele, naye alipoulizwa nani mwingine analala chumbani alijibu, "Mjukuu tu, wa wiki tatu." Mama Nukta alimrudisha nyumbani. "Uje mtoto akiota meno," alimwambia, na yule bwana, kwa heshima yote, alirudi baada ya miezi minane.

Alijivunia jambo moja tu maishani, na alilitamka kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja ugonjwa: hakuna saa aliyoichagulia mama wa mtu iliyowahi kurudishwa. Nitakayoyasimulia ni habari ya iliyorudishwa, na jinsi maswali kumi yalivyokuwa kumi na moja. Alinisimulia mwenyewe, na palipokuwa na aibu akapunguza maneno, fundi cherehani akajazia.

Aliyekuja siku hiyo alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, mtu mpana, mwenye sauti ya kuzungumza akiwa amewasha injini. Aliinama ili asigonge kichwa kwenye ngazi, akagonga hata hivyo.

"Fundi, nataka saa ya mama. Ya zamani, ya heshima. Ile ya mfukoni pale, yenye mnyororo, inafaa?"

"Mama yako ana mifuko?"

Dereva alifikiri. "Hapana."

"Basi kaa."

Alikaa kwenye kiti cha wateja, na fundi cherehani akasimamisha mashine yake, kwa kuwa hakupenda kukosa mahojiano.

Mama yake dereva alikuwa na miaka sabini na tisa. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mitano katika chumba cha kufulia cha hospitali, akifua na kukunja mashuka. Sasa aliishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili. Alikuwa na maradhi ya presha ya macho, na macho yalikuwa yamebakiza ukungu tu: aliona dirisha, aliona mtu akisimama mlangoni, lakini hakuona ni nani. Daktari alikuwa amempa dawa ya matone, tone moja kila jicho, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, bila kuruka na bila kuzidisha. Dawa hiyo haingerudisha kilichopotea. Ingelinda kilichobaki.

"Na anaruka," alisema dereva. "Hajui saa. Redio anaisahau, simu hapokei. Mimi niko barabarani siku kumi kwa mwezi, wakati mwingine kumi na tano. Dada yangu ni muuguzi, anakaa upande wa pili wa mji, ghorofa ya tatu. Amesema hivi: kliniki ijayo ni baada ya miezi miwili. Kama presha ya macho haijashuka, mama anahamia kwake."

"Na mama mwenyewe?"

Dereva alitazama mikono yake. "Mama anasema hivi: 'Hapa naona kwa mikono. Kutoka kitandani hadi mlangoni hatua saba, chumvi iko kushoto kwa sukari. Nipelekeni kwenye ngazi za watu wengine, ndipo mtakapokuwa mmenipofusha.' Akisema hivyo, dada analia. Mimi naenda kuangalia matairi."

Mama Nukta aliuliza maswali yake yote kumi, polepole kuliko kawaida, kisha akasimama mbele ya ukuta wa saa kwa muda mrefu hata dereva akadhani amesahauliwa.

Aliiondoa kwanza ya miguu ya shaba, kwa kuwa kengele yake ilikuwa nyembamba na mzee husikia sauti nzito vizuri kuliko kali. Akaiondoa iliyofuata, ambayo hupiga mara moja kila nusu saa, kwa kuwa asiyeona uso wa saa hawezi kujua kama mlio mmoja ni nusu au ni saa kamili. Hatimaye alishusha saa ya ukutani ya mbao nyeusi, iliyoletwa wiki hiyo na wajukuu wa bibi mmoja aliyekuwa akioka mikate. Ilitiwa ufunguo mara moja kwa wiki. Kengele yake ilikuwa nene, tulivu, yenye mwachano mzuri kati ya mlio na mlio.

"Fumba macho," alimwambia dereva. "Nasogeza mishale hadi saa moja. Hesabu."

Mshale mrefu ulifika juu, mfupi ukaelekea kwenye saba. Saa ikapiga mara moja, ikanyamaza.

Dereva alifumbua jicho moja. "Imekwisha?"

"Nukta moja," alisema Mama Nukta.

Kosa hilo alilijua. Katika saa za namna hiyo, mishale ina magurudumu yake na kengele ina ya kwake, na mtu akiisogeza vibaya, vitu hivyo viwili hupoteana: mishale inaonyesha saba, kengele inapiga moja. Kulisahihisha ni kazi ya dakika mbili. Alifungua mlango wa saa, akainua kijiti kidogo cha chuma mara tano, akaiacha kengele ilie mpaka ilipokubaliana na mishale. Akairudisha mishale kwenye saba, na safari hii saa ikapiga mara saba, moja baada ya nyingine, kama askari waliopangwa.

"Sasa iko sawa," alisema. Akamwandikia dereva maelekezo: itundikwe kwa pimamaji, isiegemee upande, ufunguo kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, mlango wa saa usifunguliwe na mtoto. Dereva aliibeba kifuani kama mtu aliyebeba mgonjwa, akagonga kichwa tena wakati wa kutoka.

Miezi miwili na siku tatu baadaye alirudi. Mama Nukta alimtambua kwa viatu kabla ya kumwona uso, na alitambua pia sanduku la mbao nyeusi lililofungwa kwenye blanketi.

"Nimeirudisha, fundi. Mpe mama wa mtu mwingine."

"Imesimama?"

"Haijasimama hata siku moja. Inakwenda kama jeshi. Saa haina kosa." Aliketi bila kuambiwa. "Tumetoka kliniki jana. Presha haijashuka, imepanda. Dada amekagua chupa ya dawa: ile ya mwezi mmoja bado ina nusu. Basi. Jumamosi mama anahama. Saa haina kosa, mama ndiye amechoka. Tumezoea kufikiri mama hachoki."

"Amesemaje juu ya saa?"

"Anaisifu! Kila nikija: 'Mwanangu, saa yako nzuri, inanipa raha.' Hata leo nilipoishusha alilia, akasema niiache mpaka Jumamosi."

Mama Nukta aliondoa jichoni lensi yake ya kukuzia vitu. Kama saa ingekuwa mbovu, angejua la kufanya. Kama mama angeilalamikia, angejua la kufanya. Lakini saa nzima, mama mwenye kusikia vizuri, na chupa iliyojaa nusu: vitu vitatu hivyo havikukaa pamoja kichwani mwake, na yeye hakuwa mtu wa kuacha kitu kisichokaa.

"Lori lako liko wapi?"

"Leo sina safari. Nina gari la rafiki, hapo nje."

"Twende."

Fundi cherehani aliapa kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona mwanamke yule akizima taa yake kabla ya jioni. "Mama Nukta! Kuna moto?" aliuliza.

"Niangalizie skrubu zangu. Na usipige chafya."

Nyumba ilikuwa ya mwisho katika safu ya nyumba sita zilizogusana, yenye kizingiti kilicholika katikati. Ndani palikuwa safi kwa namna ya pekee, usafi wa mtu anayejua kitu kilipo kwa sababu hakijawahi kuwa pengine. Sufuria zilitundikwa kwa ukubwa. Lakini karibu na mlango palikuwa na sanduku la nguo lililofungwa tayari, na mwanamke mwenye sare ya uuguzi alikuwa akifunga jingine kwa kamba. Huyo alikuwa dada yake dereva. Macho yake yalikuwa mekundu, na sauti yake kavu.

"Huyu nani tena?"

"Fundi wa saa," alijibu dereva.

"Kaka, jamani. Mimi nahangaika na macho ya mama, wewe unaniletea fundi wa saa?"

"Mkaribishe mgeni," ilisema sauti kutoka kitandani. "Nyumba bado ni yangu mpaka Jumamosi."

"Shikamoo, mama," alisema Mama Nukta.

"Marahaba, mwanangu. Keti. Kiti kiko kulia kwako, usikae kwenye kile cha kushoto, mguu wake mmoja mwongo."

Mama alikuwa mdogo wa mwili, mwenye viganja vikubwa, vyeupe kwenye ncha za vidole kwa miaka ya maji ya moto na sabuni. Mama Nukta alimwomba dereva airudishe saa kwenye msumari wake. Akapima mwenyewe kwa pimamaji, akaisogeza mishale hadi wakati uliokuwapo, akiisubiri ipige kila ilipofika saa kamili, kisha akaketi.

"Mama, saa hii inakusaidia?"

"Sana. Mwanangu kachagua vizuri. Mimi tu kichwa changu ndicho kimezeeka."

"Basi naomba tukae tu, tuisikilize ikipiga mara moja. Halafu nitaondoka."

Dada alivuta pumzi ya kukata tamaa, akaenda kuwasha jiko la chai. Walikaa. Mama Nukta hakuitazama saa hata kidogo. Alitazama mikono ya mama juu ya shuka. Ilipofika saa kumi na moja jioni kengele ililia, na vidole vikaanza kukunjwa, kimoja kimoja, mpaka mkono mmoja ukafumbwa wote. Midomo ilikuwa ikienda. Kisha, kengele ilipokuwa imeshanyamaza, midomo iliendelea kwenda.

"Imepiga ngapi, mama?"

"Tano."

"Kwa hiyo ni saa ngapi?"

Vidole vikaanza tena kukunjwa. Kwa kipimo cha Mama Nukta ilikuwa nukta ya kweli, na nyingine, na nyingine. "Kumi na moja," alisema mama.

"Umejuaje?"

"Jua liko kwenye dirisha la upande huu. Na binti yangu amewasha jiko."

"Na asubuhi ya mvua, ukiwa peke yako, ikipiga nane?"

Mama alilainisha shuka kwa kiganja. Dereva alisogea mbele kwenye kiti chake. "Mama? Si nilikueleza? Nane ndiyo saa mbili. Kila mtu anajua. Mishale ikiwa kwenye nane, ni saa mbili!"

"Kila mtu anaona, mwanangu," alisema mama taratibu. "Wewe ukiitazama nane, jicho linavuka upande wa pili, unasema mbili, hata hujui umevuka. Mimi nasikia. Nikisikia nane, ni nane. Nianze tena: saba ni moja, nane ni mbili. Ikiwa ni kumi, tisa ni tatu, kumi ni nne... hapo nimeshasahau kama nilihesabu kumi au tisa. Nikiamka katikati ya mlio ndiyo basi kabisa. Usiku nao vivyo hivyo. Na daktari alisema nisizidishe. Kwa hiyo nikitia shaka, naacha."

Dada alikuwa amesimama mlangoni na kijiko mkononi. "Mama! Miezi miwili! Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Huyu?" Alielekeza kidevu kwa dereva, mahali alipokuwa hasa. "Kaja na saa kifuani, anatweta, kaitundika mwenyewe, kaniimbia maelekezo kama mwalimu. Tangu akiwa mdogo, hajawahi kuniletea kitu akakitundika. Nianze kumwambia inanichanganya? Nilisema nitajifunza. Nilijifunza kukunja shuka nikiwa nimesinzia, nitashindwa na kengele?"

"Ulikuwa tayari kuhama nyumba," alisema dereva, na sauti yake kubwa ilikuwa imekwisha, "kuliko kuniambia saa yangu mbaya?"

"Saa yako nzuri," alisema mama kwa ukali. "Usiitukane."

Mama Nukta alikuwa ameinamisha kichwa. Aliniambia kwamba dakika ile hakuwasikia tena. Alikuwa ameisikia kengele moja, ile iliyolia mezani pake mbele ya dereva, mishale ikiwa kwenye saba. Hakuna aliyekuwa ameisogeza vibaya saa ile. Kuna mtu, huenda bibi wa mikate aliyekuwa na mikono ndani ya unga tangu alfajiri, aliyetaka kusikia moja ikiwa saa moja, bila kugeuka kuitazama. Na yeye fundi, kwa dakika mbili, akaufuta mpango huo bila kujiuliza.

"Kosa ni langu," alisema. "Si la mama, wala si la dereva. Saa hii ilikuja kwangu ikipiga kama tunavyosema. Mimi nikaifundisha kupiga kama inavyoonyesha. Nilidhani ni ubovu."

"Sasa tunaielewa hiyo," alisema dada. "Inaweza kurudi?"

"Nukta moja."

Alifungua mlango wa saa, akainua kile kijiti. Saa ikapiga sita. Akainua tena, ikapiga saba. Mama alianza kuhesabu kwa sauti. Ilipofika nane alikuwa akitikisa kichwa, ilipofika tisa jirani aligonga ukuta, na ilipofika kumi dirisha la nyumba ya pili lilifunguliwa.

"Jamani, huko kuna nini? Mnaharakisha mwaka?"

"Nyamaza, shoga, utanipoteza hesabu!" mama alimjibu. "Kumi na moja! Imekwisha?"

"Imekwisha. Sasa saa ijayo itapiga kumi na mbili, mishale ikiwa kwenye sita."

Dada aliitazama saa kwa mashaka. "Kwa hiyo itaonyesha kimoja na kusema kingine."

"Mishale ni yenu mnaoona," alisema Mama Nukta. "Kengele ni yake."

Laiti mambo yangeishia hapo, ningekuwa nimesimulia hadithi nyepesi kuliko ilivyokuwa. Dada hakuwa mtu wa kushindwa kwa milio hamsini na mmoja. Alisema wazi, mbele ya wote, kwamba saa imetengenezwa lakini macho hayakutengenezwa. Kwamba yeye ndiye anayeona wodini watu waliochelewa. Kwamba hatamwacha mama yake apotee kwa sababu ya huruma. Alisema haya akiwa ameshika kamba ya sanduku, na hakuna aliyeweza kumwambia anakosea.

Walichokubaliana kilikuwa kidogo. Jumamosi ingeahirishwa kwa wiki sita. Dada angeleta chupa mpya ya dawa, ya kutosha wiki sita hasa, iliyofunguliwa siku hiyohiyo, na hangeigusa wala kuuliza. Asingepiga simu kukumbusha. Mizigo iliyokwisha kupelekwa ghorofani ingebaki hukohuko, kwa kuwa huenda ikahitajika. Baada ya wiki sita wangekwenda kliniki, na mama angekubali lolote litakalosemwa, bila kulia na bila hatua saba.

"Nimekubali," alisema mama. "Na wewe ukubali vilevile, bila kulia."

Kwa wiki sita hizo Mama Nukta hakufanya kazi vizuri. Fundi cherehani alimkuta mara mbili akiwa na bisbisi mkononi na hakuna saa mbele yake. Alipomtania, hakujibiwa hata nukta. Ile kadi ya maswali aliitoa kwenye droo, akaandika kwa kalamu chini ya la kumi, kwa kuwa mashine ya kupiga chapa hakuwa nayo tena: *Mama anaisoma saa kwa jicho au kwa sikio?* Lakini alijua kwamba swali jipya linamfaa mama wa kesho, halimfai yule wa hatua saba.

Siku ya kliniki dereva alikuwa safarini, kwa hiyo aliyekuja chini ya ngazi alikuwa dada, akiwa na sare yake, na mama amemshika mkono. Walikuwa wametoka hospitali moja kwa moja. Mama Nukta alisimama, jambo ambalo hakulifanya kwa wateja.

"Imeshuka," alisema dada. "Si sana. Daktari amesema si sana, lakini imeshuka, na ikiendelea hivi kilichobaki kitabaki. Chupa niliipima mwenyewe." Alimtazama mama. "Ilikuwa imekwisha siku iliyotakiwa kwisha. Siku ileile."

"Nilikuambia," alisema mama.

"Hukuniambia kitu, mama. Ulinyamaza wiki sita."

"Ndicho nilichokuambia."

Fundi cherehani alicheka mpaka akaivunja sindano. Mama Nukta alimwekea mama kiti, lakini mama hakukaa. Alinyoosha kiganja chake kikubwa, akatafuta mkono wa fundi, akaupata, akaushika. Kisha akamgeukia binti yake.

"Haya, twende nyumbani. Nyumbani kwangu. Na jioni unirudishie vitu vyangu vilivyoko ghorofani kwako: sufuria kubwa na kifuniko chake, mto ule laini, na mashuka sita."

"Mashuka matano, mama. Nilipeleka matano."

"Sita," alisema mfuaji wa hospitali, akianza kutembea. "Niliyakunja mimi. La sita umelitandika kitandani kwako, na usinidanganye, ndilo ulilolalia jana. Lina harufu ya sabuni yangu na wewe una harufu yake."

Dada alinusa kola ya sare yake. Akamshika mama mkono, akainamisha kichwa chake asigonge ngazi, na wakatoka.